Mkono wa Kushoto

Picha yenyewe ni ya kawaida kabisa. Mtoto wa kike wa miaka kumi au kumi na mmoja amesimama mbele ya nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, anakabidhiwa sare ya shule. Anayemkabidhi ni mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge chake cha kutokea, anatabasamu kuelekea simu inayompiga picha. Nyuma yao kuna migomba, kisha mteremko, kisha kijani kile kilichokatwa sawasawa ambacho mtu wa Giheke, huku magharibi mwa Rwanda, hahitaji kuambiwa kuwa ni chai. Mtoto hatabasamu. Amenyoosha mkono wa kushoto kupokea. Wa kulia umo ndani ya kitenge alichojitanda begani.

Iliingia kwenye kundi la WhatsApp la kijiji alasiri. Kabla ya magharibi watu walikuwa wameshaijadili. Mmoja alimshukuru Mungu. Wengine walituma vile vikaragosi vya manjano vya mikono inayopiga makofi. Halafu mzee mmoja anayeheshimika akaandika kwamba siku hizi watoto hawafundwi tena, mtazameni huyu anavyopokea kwa kushoto kama anayefukuza nzi. Wengi wakamuunga mkono. Upande huu wa Ziwa Kivu, na ule wa Bukavu nchini Kongo pia, mtoto hupokea kwa mikono miwili, au kwa wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko. Wakamtupia lawama za upole mama mdogo wake anayemlea. Naye akajibu kwamba mtoto ndivyo alivyo, mkaidi, alikuja hivyo kutoka kwa bibi yake.

Watu zaidi ya mia moja waliitazama picha ile, na mazungumzo yote yakaishia kwenye mkono wa kushoto.

Niseme mapema: usimtafute Giheke mwanamke huyo anayekabidhi sare, wala kijiji chake. Nimemshona kwa vipande, na vipande vimetoka nyumba nyingi. Nitamwita Rafiki, kwa kuwa ndicho cheo chake. Katika kila kijiji cha Rwanda kuna watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaoitwa Inshuti z'Umuryango, yaani Marafiki wa Familia. Nchi ina vijiji 14,837. Zidisha mara mbili upate watu 29,674, jeshi zima la watu wa kujitolea wasio na mshahara, ambao kazi yao ni kuingia nyumba zenye watoto walio hatarini, kusuluhisha panaposuluhishika, na kupeleka habari juu, kwenye seli, kwenye sekta, mpaka wilayani, pale wanaposhindwa.

Jeshi hili lina asili yake. Mwaka 2012 watoto waliokuwa wakilelewa katika vituo nchini Rwanda walihesabiwa, wakapatikana watoto na vijana 3,323 katika vituo 33. Baadhi ya vituo hivyo vilijaa baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, watoto walipobaki bila hata mtu mmoja wa kuwaita kwa majina yao, na miaka ilivyopita mazoea yakavibakiza. Serikali ikaamua watoto warudi katika familia, zao au za watakaowapokea. Mpango ukaitwa Tubarerere mu Muryango, tuwalee katika familia. Wakaajiriwa wataalamu 68, wa ustawi wa jamii na wa saikolojia, wawasimamie watoto wanaorudi. Hesabu hiyo ya mwisho iweke kando kidogo, tutaihitaji.

Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa haki. Mtoto anahitaji mtu atakayejua kwamba leo amechelewa kurudi, na kengele ya kituo haiwezi kujua. Ila kituo kilikuwa na lango moja. Mkaguzi alijua pa kugonga. Mtoto akisambaa katika familia, malango ni maelfu, kila moja lina mwenyewe, na mwenyewe ni jirani yako: mnalima pamoja siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, mnazikana, mnakopeshana.

Rafiki alichaguliwa kwa sababu ana kifua. Wanyarwanda wana neno zito kwa jambo hilo, ibanga, nalo lina uzito kuliko siri ya kawaida. Mtu mwenye ibanga ni mtu unayeweza kumwachia aibu yako akailinda kama mali. Siku ya uchaguzi watu walisema hivyo hivyo: huyu mama hajawahi kutoa neno la nyumba ya mtu. Wakainua mikono. Hakuna aliyepinga, na Rafiki alilia kidogo kwa furaha, maana hajawahi kuchaguliwa kwa chochote.

Mtoto aliletwa katika msimu wa mvua, bibi yake alipofariki. Mama mdogo alimpokea bila kuombwa na mtu, na hilo liandikwe upande wake, kwa sababu mambo yatakayofuata yatatufanya tulisahau. Alikuwa na watoto wake wanne na mume wa vibarua. Yeye mwenyewe alidamka usiku kwenda Kamembe, kisha kuvuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza na beseni la mboga au dagaa wa sambaza, auze Bukavu, arudi jioni. Kila mtu wa upande huu anajua maisha hayo. Vita vikisogea ng'ambo, soko linakufa. Mpaka ukifungwa siku tatu, nyumba nzima inakula viazi vitamu siku tatu. Mtoto aliyeongezeka aligeuka mkono wa kazi: kuteka maji bondeni, kumbeba mgongoni yule wa mwaka mmoja, kupika ugali wa jioni. Mama mdogo hakukaa akapanga kumtesa. Kazi ilikuwepo, naye alikuwepo.

Jioni moja sufuria ya maji yanayochemka ilimponyoka, au iliponyoka kwa mtu mwingine. Hilo halikujulikana kwa hakika hata baadaye. Maji yalimwagikia mkono wa kulia kuanzia kiganja. Wakampaka dawa ya meno, asubuhi wakampaka samli, kisha wakaufunga kwa kipande cha shuka. Zahanati haikuwa mbali. Lakini jina la mtoto halikuwa limeingizwa kwenye mituweli, bima ya afya, ya nyumba ile. Na pia, tuseme ukweli, muuguzi angeuliza ilikuwaje.

Ninaowafahamu waliowahi kutibu majeraha ya moto wanasema moto wenyewe si adui pekee. Kidonda cha kiganja kikiachwa kijiponye, kovu hujikunja kadiri linavyokauka na kuvuta vidole ndani, taratibu, wiki kwa wiki, kama jani la mgomba juani. Vidole vingefungwa vikiwa vimenyooka, vikafanyishwa mazoezi, vingebaki vidole. Lakini ni lazima mtu avione mapema.

Rafiki alikwenda mara tatu.

Mara ya kwanza kidonda kilikuwa na siku nne. Alipewa kiti, akapewa ikigage, pombe ya mtama, akasalimiana na kila mtu mzima kwa mikono miwili, kwa utaratibu, wakaulizana habari za nyumbani na za soko. Ndipo mtoto akaitwa. Akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Hajambo? Hajambo. Anasoma? Ataanza wiki ijayo. Anakula vizuri? Ndiyo, mama. Rafiki akaandika kwenye daftari lake: mtoto yupo, ana afya, ni mpole.

Kuna jambo ambalo daftari halina nafasi yake. Rafiki na mama mdogo walikuwa katika ikimina kimoja, kile chama cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mama mdogo ndiye aliyeshika kisanduku. Rafiki alikuwa na deni la franga elfu thelathini alizokopa kwa ada ya mwanawe, na muda wa kulipa ulikuwa umepita kwa wiki mbili. Hakuna aliyelitaja siku hiyo, kwani ikigage kilikuwa kitamu na watu ni waungwana. Lakini wewe jaribu kusimama katika nyumba ya mtu anayekudai na kumwambia, naomba nimwone mtoto huyu peke yangu, nje.

Mara ya pili alimkuta mtoto amejitanda kitenge begani wakati jua linawaka. Akauliza. Akajibiwa kwamba mtoto ana homa homa. Wiki hiyo hiyo jirani wa chini alikuwa amemnong'oneza kwamba usiku mmoja alisikia kilio kirefu, kisha kimya. Rafiki alilibeba neno hilo siku mbili, akaamua ni mambo ya nyumba ya mtu. Ana kifua, si ndiyo maana alichaguliwa? Uani kulikuwa na shuka limeanikwa, kuukuu, la maua madogo ya buluu, upande mmoja limechanwa ukanda mrefu. Akasikitika, akaandika katika mahitaji ya kaya: shuka.

Mara ya tatu ndiyo ya sare. Hapa ibanga yake yote ilimtoka, na hakujua kwamba imemtoka. Juu walikuwa wanataka kujua watoto wangapi wamerudishwa shule, kwa sababu wilaya ina imihigo yake, mikataba ya malengo ambayo viongozi husaini na kupimwa kwayo, na lengo hutaka hesabu, na hesabu siku hizi hutaka picha. Ripoti isiyo na picha huonekana kama hadithi. Basi akampa kijana mmoja simu, akamwambia piga. Akaituma kwenye kundi, jina la mtoto na la nyumba yake yakiwa chini ya picha, pamoja na maneno kwamba huyu ni yatima tuliyemrudisha masomoni. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi na faragha, namba 058/2021, na hakuna aliyewahi kukaa na Rafiki dakika kumi kumweleza kwamba sura ya mtoto huyu na uyatima wake ni taarifa za namna hiyo. Picha ilihama kundi moja hadi jingine. Wiki iliyofuata mwanamke wa Giheke aliyeko sokoni Kadutu, Bukavu, alimwonyesha mama mdogo picha ya nyumba yake mwenyewe.

Kwa hiyo lile ambalo Rafiki angepaswa kulipeleka kwa watu wawili, wa seli na wa zahanati, alilihifadhi kifuani. Na lile ambalo angepaswa kulihifadhi, alilitangaza kwa mamia.

Ni rahisi kusema hapo kwamba ndivyo inavyokuwa unapowapa kazi za wataalamu wanakijiji wasiolipwa. Nami ningesema hivyo, kama nisingekuwa nakijua kisa cha London.

Victoria Climbié alizaliwa Ivory Coast. Shangazi wa baba yake alimchukua kwa wazazi akiahidi kumsomesha Ulaya, desturi ambayo Mwafrika yeyote anaielewa bila kufafanuliwa. Wakapitia Ufaransa, wakafika London mwaka 1999. Tarehe 25 Februari 2000 alifariki akiwa na miaka minane, na mwilini mwake madaktari walihesabu majeraha 128. Uchunguzi wa Lord Laming, uliotolewa Januari 2003, ulionyesha kwamba mtoto yule hakuwa amefichwa. Alipita mikononi mwa ofisi za ustawi wa jamii, hospitali na polisi. Katika hospitali moja alama mwilini mwake zilielezwa kuwa za upele. Baadaye ziara ya nyumbani ilifutwa, kwa kuwa waliotakiwa kwenda waliogopa kuambukizwa upele huo. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyekabidhiwa kesi alikuwa na kesi 19 mezani wakati kikomo cha ofisi yake kilikuwa 12. Alionana na mtoto mara nne, na ukijumlisha muda wote haufiki nusu saa.

Hayo yote yana uchungu, lakini lililonikaa ni dogo zaidi. Watu walikuwa wameona kwamba Victoria husimama wima, kimya, kama askari mbele ya mkubwa wake, kila shangazi yule anapoingia. Mfanyakazi yule alilichukulia kuwa heshima. Alidhani familia zenye asili ya Afrika na Karibi ndivyo zinavyolea: utii, nidhamu, mtoto kujua nafasi yake. Aliuona woga akausoma kama adabu. Naye alikuwa na mshahara, shahada, ofisi.

Bado nasema Marafiki wa Familia walipwe, japo nauli na muda wa maongezi wa simu. Washauri wa afya wa vijijini angalau wana vyama vyao vya ushirika. Ila fedha peke yake isingemfungua Rafiki macho. Macho yake yalikuwa mazima; yalikuwa yanatazama kwa adabu. Mgeni mwema hakodolei macho watoto wa mwenye nyumba. Mtu wa kijijini anaposimama mlangoni pa jirani akiwa jirani na mkaguzi kwa wakati mmoja, jirani hushinda. Pangekuwa na mtu mmoja nyuma yake, asiye wa ikimina kile, wa kumwuliza kila mwezi maswali mawili ya kijinga, angalau angejikwaa. Sasa irudishe ile hesabu ya 68, uiweke mkabala na vijiji 14,837, uone kama ingewezekana.

Aliyeuona mkono alikuwa mwalimu, mgeni, aliyehamishiwa pale kutoka mbali na asiyejua nani ni shemeji ya nani. Alimwita mtoto ubaoni aandike tarehe. Mtoto akashika chaki kwa kushoto. Wenzake wakacheka. Mwalimu akamwambia, kwa upole tu, hapa tunatumia wa kulia, akanyoosha mkono wake kuutafuta ule mwingine ndani ya sweta. Ilikuwa imeshapita miezi minne. Vidole vitatu vilikuwa vimelala kiganjani na ngozi imeviziba.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo isingeumiza yeyote kama ingekuja mapema. Mtoto akapelekwa hospitali ya wilaya, kisha akapewa rufaa ya upasuaji. Mama mdogo akaitwa kuhojiwa, akakaa siku kadhaa, na watoto wake wanne wakagawanywa kwa majirani. Kisanduku cha ikimina kilifunguliwa bila mwenye ufunguo na chama kikavunjika. Nusu ya kijiji ilimlaumu Rafiki kwa kutosema. Nusu nyingine ilikuwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyesema, na ile nusu ya pili ndiyo iliyoacha kumsalimia.

Siku moja akaja mwanasaikolojia kutoka wilayani, binti wa umri wa mwanawe. Hakuja kumgombeza. Walikaa kwenye gogo nyuma ya nyumba, wakafungua daftari ukurasa kwa ukurasa. Mwandiko wa Rafiki ni mzuri, wa mtu aliyependa shule ikamwacha. Binti akasoma ziara ya kwanza mara mbili.

"Mama, siku hiyo uliwasalimia wote kwa mkono?"

"Wote. Mimi siingii nyumba ya mtu bila kusalimia."

"Na mtoto?"

Rafiki akafikiri. Alikuwa amesimama mlangoni, akasema. Alikuwa mbali kidogo. Halafu akasema, ni mtoto. Halafu hakusema tena.

Tangu hapo halali vizuri. Husikia kilio ambacho yeye mwenyewe hakukisikia, alisimuliwa tu. Amekwenda kwa ndugu yake Bugarama mara mbili ili apumzike, akarudi siku ya pili. Wanyarwanda wanalo neno la hali hiyo pia, ihungabana, wamelitumia miaka mingi kwa watu wengi, lakini hakuna aliyefikiri kulitumia kwa mtu anayekwenda na daftari. Kazi yake ni kutembelea. Yeye hayumo katika orodha ya nyumba za kutembelewa. Alipoomba kuachia nafasi aliambiwa asubiri uchaguzi mwingine, kwa hiyo anaendelea. Akifika nyumbani kwa watu siku hizi huanza na watoto. Huwapa mikono yote miwili na hukaa nayo muda mrefu kuliko kawaida, mpaka wengine wanacheka. Baadhi ya wenye nyumba hawapendi.

Mtoto amepasuliwa mara moja na atapasuliwa tena. Yuko kwa familia nyingine, sekta nyingine. Anaandika kwa kushoto, na mwandiko umeanza kunyooka.

Mwaka mpya ulipoingia mtu alikuwa anasafisha simu yake, akaikuta ile picha, akairudisha kundini na salamu za heri na baraka. Rafiki alikuwa ameshaifuta kwenye simu yake zamani. Ikamjia tena, usiku, mwanga mkali katika chumba chenye giza. Safari hii aliikuza kwa vidole viwili, akapita tabasamu lake mwenyewe, akapita sare, akashuka mpaka kwenye pindo la kitenge upande wa kulia wa mtoto. Kitambaa kilikuwa kimechungulia kidogo, kama ncha ya kidole. Juu yake kulikuwa na maua matatu madogo ya buluu.